Mikono Iliyokufa Ikinisalimia

"Hapana, mke wangu, usifunue hilo sinia. Chakula kinapoa, ndiyo, naona mvuke unavyotoka pembeni ya kawa, na njaa niliyonayo mimi inaizidi ya kwako, maana tangu asubuhi nimekunywa chai ya rangi tu. Lakini hatuli. Umeuliza tunamngoja nani. Kaa hapo kwenye kigoda nikujibu."

Ndivyo nilivyomwambia Mwajabu, mke wa mjukuu wangu. Mke wa mjukuu ni mke wangu, mume wake akinuna shauri yake. Alikuwa ameolewa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumapili mchana, ndiyo kwanza anapika ugali wake wa kwanza kwenye nyumba yetu. Na kuusonga anajua. Niliusikia mwiko kutoka barazani. Mwiko wa mtu anayejua una sauti yake. Sasa mtu umesonga ugali wako mzuri, umeuepua, umetandika mkeka, halafu kuna mzee anasema usiliwe. Hata ningekuwa mimi ningenuna.

"Wenzako wameshazoea," nikamwambia. "Waangalie walivyojinyamazia."

"Lakini babu, ugali wa baridi si chakula cha mtu mzima."

"Najua."

"Na mchuzi unaganda."

"Acha ugande. Jana ulinipa mkono, sivyo? Shikamoo babu, goti chini, ukaushika huu wa kulia. Nikaona ulivyoshtuka."

Akatazama chini. Mtoto ana adabu. Lakini alishtuka, na mtu yeyote angeshtuka. Mkono wangu wa kulia ni wa baridi kama sufuria iliyolala nje. Vidole vimejikunja nusu, dole gumba limesimama juu, umekaa kama wa mtu anayesalimia hewa. Nikilala unasalimia dari, na nikiwa chooni nako unasalimia.

"Nilidhani ni kiharusi, babu," akasema polepole.

"Si kiharusi. Hii inaitwa waranti."

*

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, nikaenda zangu mkongeni. Wakati ule mkonge ulikuwa umerudi juu kwelikweli, maana dunia nzima ilikuwa imepiga marufuku plastiki, na kila mzungu na mchina anataka kamba. Bonde zima la Luengera lilikuwa mistari ya mkonge mpaka milimani. Mimi nilikuwa kwenye shamba la Kwezizi, kwenye korona. Korona ni ile mashine inayomenya jani. Unalilisha jani huku, linatoka singa, zile nyuzi nyeupe, kule. Kelele zake ukitoka kazini bado unazo kichwani mpaka usiku wa manane, mke wangu marehemu Zuhura alikuwa ananiambia naongea kama naita punda.

Pembeni yangu alikuwa Mihayo, Mnyamwezi wa kutoka Sikonge huko. Mimi Mzigua. Sasa watu hawa wawili ukiwaweka pamoja unajua kitakachotokea, ni watani, matusi kutwa nzima. Yeye ananiita mzee wa ndizi mbichi, mimi namwita mchukuzi. Akiumwa namwambia afe haraka nikale ubwabwa. Hakuna kukasirika, ukikasirika unatozwa faini.

Huyo Mihayo ndiye aliyeniokoa. Siku korona ilipokamata mkono wangu, wengine walikimbia kutafuta swichi. Yeye alichukua panga akakata mkanda wa mashine, mkanda ukarudi ukampiga ukamtoa jino. Mkono ulikwenda, lakini mimi nilibaki. Hospitalini alikuja akaniambia, "Mtani, ningechelewa kidogo wangekuuza kama kamba ya meli." Mwaka uliofuata korona ikachukua wa kwake. Mimi ndiye niliyempelekea uji.

Shamba likatununulia mikono ya bandia ya kampuni ya Stahimili. Wafanyakazi sitini na kitu pale kwetu tu, na mashamba mengine ya bonde vilevile, wote mkono wa kulia, maana ndio unaolisha jani. Wanatoboa mfupa, wanafunga kwa skrubu, wanaunganisha na mishipa yako ya fahamu. Unasikia, jamani! Unashika maji unasikia maji. Nilimshika Zuhura shavu nikalia, yeye akasema niache upuuzi, lakini naye alikuwa analia. Waranti miaka kumi. Karatasi nzuri, ina muhuri unaong'aa.

Ila mkono ule ulikuwa na tabia moja. Ukishika kitu cha moto unafunguka wenyewe, kwa sababu ngozi yake ya bandia haipendi joto. Waliupangia hivyo kwenye programu yake, huko wanakotengenezea. Ni akili nzuri tu, huko watu wanakula kwa uma.

Sasa wewe kaa chini na sinia la ugali. Kata tonge, ulifinyange. Tonge linafika nusu ya safari ya mdomoni, mkono paa! unafunguka. Mkono wa kushoto ndiyo tulibaki nao, lakini nani atakubali uingize mkono wa kushoto kwenye sinia la watu? Tukawa tunakula kwa kijiko, peke yetu, kwenye kibakuli, kama wagonjwa wa wodini.

Mihayo alikataa kijiko. Kwenye matanga ya mzee mmoja pale Kwezizi akakaa sinia moja na shehe, akakata tonge la ugali unafuka moshi, na mkono ukafunguka. Tonge likatua kwenye bakuli la mchuzi, mchuzi ukaruka wote kwenye kanzu ya shehe. Kanzu nyeupe! Watu walicheka mpaka wafiwa wakacheka. Mihayo hakucheka. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mwantumu.

Mwantumu alikuwa fundi simu, ana kibanda chake mbele ya geti la shamba. Mwanamke mwembamba, mdomo mchafu, miwani ya kukuzia iko kwenye paji la uso muda wote hata akienda sokoni. Anachomeka waya wake kwenye kile kitundu cha mkononi, anapiga miayo, dakika kumi amemaliza. Watu walisema amechokonoa mkono. Yeye akasema, "Sijachokonoa kitu, nimeufundisha kula."

Ndani ya mwezi mmoja karibu wote walikuwa wamefundishwa. Mimi sikwenda.

"Kwa nini babu?" Mwajabu akauliza.

Kwa uoga, nikamwambia. Watoto wangu wanapenda kusema kwa uaminifu. Uaminifu haukuwemo. Karatasi ya waranti ilisema usiguse programu, na mimi karatasi yenye muhuri naiogopa mpaka leo. Nikaendelea na kijiko changu.

*

Mwaka wa nne mikono ikaanza kuugua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye kifundo, ndani kabisa, kwenye chuma. Unashika kitu, ukitaka kuachia hauachii. Unang'ang'ania, halafu unakaza, unakaza zaidi. Mmoja alishika mpini wa jembe akazunguka nao siku mbili. Mikono iliyochokonolewa iliugua na isiyochokonolewa iliugua, hakukuwa na tofauti, chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Sisi wenyewe tulilijua hilo, na nadhani wao walilijua kabla yetu.

Basi kampuni ikaleta dirisha. Waligeuza ghala la mbolea kuwa ofisi, wakatoboa ukuta, wakaweka kioo na bango la WARANTI. Akaja Madamu Eveta kutoka makao makuu. Mwanamke mpole sana. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku ile. Akauliza nani ana mkono ambao haujaguswa. Wakanionyesha mimi.

"Mzee Mbaruku, hongera kwa nidhamu yako," akaniambia. "Tunataka utusaidie kusoma."

"Mwanangu, mimi kusoma kwenyewe kwa shida."

"Mkono wako ndio utakaosoma. Wewe kazi yako ni kusalimia tu."

Wakatia programu yao mkononi mwangu, siku moja nzima. Wakanipa na kiti. Nisimulie kile kiti? Kile cha magurudumu, kinazunguka, kina mto wa sponji na pa kuegemea shingo. Miaka kumi na tano nimesimama kwenye korona, mke wangu, magoti yameisha. Siku ya kwanza nilipokikalia nilizunguka mara tatu peke yangu mlango umefungwa, nikacheka kama mwehu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja anakuja na mkono wake mgonjwa, nampa mkono, tunashikana. Mkono wangu unaongea na wa kwake, wenyewe kwa wenyewe, kama wambeya wawili. Mimi nasikia mtekenyo tu kwenye kiwiko. Ukiwa haujaguswa, taa ya kijani inawaka hapa kwenye kifundo changu, anaandikiwa barua ya mkono mpya. Ukiwa umechokonolewa, inawaka nyekundu. Na kudanganya huwezi, hata Mwantumu akurudishie programu ya kiwandani. Mkono unakumbuka. Umeweka ndani yake kila kitu cha moto ulichowahi kukishika. Madamu anasoma kwenye tableti yake, "Matonge elfu tatu mia sita na mbili, pole sana."

Ikiwaka nyekundu mkono unazimwa hapohapo, umeshikana na wa kwangu. Unakauka kwa namna ulivyo. Mtu anaondoka nao vile.

Nilimuuliza siku moja, "Madamu, ubovu uko kwenye chuma. Programu ya ugali inahusiana nini na chuma?"

Akanitazama kwa huruma. "Hatujui, Mzee Mbaruku. Na kwa sababu hatujui, hatuwezi kuwajibika. Mkono usioeleweka ni hatari kwa mwenyewe. Tunauzima kwa usalama wake."

Siku ya kwanza walikuja kumi na saba, na kumi na wanne kati yao niliwaua mikono. Mama mmoja wa kufunga marobota alibaki ananishika, hajaelewa bado, ananiuliza habari za Zuhura huku vidole vyake vinakauka ndani ya vya kwangu.

Ndani ya majuma matatu bonde lilijaa ile mikono. Ukipita barabarani unaiona, mikono iliyokufa, vidole nusu, dole gumba juu. Huyu katundika ndoo, yule kavisha soksi. Yote ilikufa ikinisalimia mimi. Watu wakaacha kunipa mkono. Msibani nilikuwa nauficha wa kulia mfukoni, kwa sababu usingeuliza uko kazini au uko msibani. Ukishikana tu, unasoma.

Unataka kujua kama niliacha kazi? Sikuacha. Kile kiti, mke wangu.

*

Mihayo alikuwa hajaja. Yeye alikuwa anajua, hakuwa mjinga. Aliufunga mkono wake kwa gunia, akawa anafanya kazi za kushoto. Halafu siku moja alikuwa anampa mkewe kikombe cha chai, amesahau kuufunga. Mkono ukashika kikombe pamoja na vidole vya yule mama. Ukakaza. Walisikia majirani. Vidole viwili vilivunjika kabla haujachoka wenyewe.

Akanifuata kisimani jioni ile. Hakunitania hata kidogo, nikajua ni makubwa.

"Mtani," akasema, "nalala na huyu mama kitanda kimoja. Nalala nimeulalia. Nikija dirishani itakuwaje?"

Mwajabu, sikiliza hapa. Nilikuwa najua itakuwaje. Matonge yake yangekuwa mengi kuliko ya mtu yeyote, yeye ndiye aliyeanza. Neno moja tu lilitakiwa, usije. Lakini sisi watu wa huku hatuna mdomo wa kumwambia mtu hapana usoni, hasa mtu aliyekukatia mkanda. Nikamwambia, "Njoo, tutaona."

Yeye akaenda nyumbani akamwambia mkewe, "Mtani kasema nije."

Alikuja Jumanne saa tatu asubuhi, amevaa shati la harusi. Foleni ilikuwa ndefu, mpaka kwa Mwantumu ng'ambo ya geti. Madamu Eveta amesimama nyuma ya kiti changu. Mihayo akafungua gunia, akaunyoosha mkono. Sasa alikuwa anatabasamu, lile pengo la jino linaonekana.

"Umenawa, mzee wa ndizi mbichi? Nisije nikapata upele."

Nyuma yangu Madamu akasema, "Mzee Mbaruku?"

Nikampa mkono.

Mtekenyo ulikuja. Nyekundu. Madamu akasoma, "Elfu tano mia moja na arobaini. Pole sana, baba." Na wakati uleule ambao mkono wake unazimwa, ugonjwa wa kifundo nao ukapanda. Ukanikaza, halafu ukafa. Umenikamata.

Nilivuta, naye akavuta. Hakuna kitu. Tumeshikana kama watu waliokutana baada ya miaka ishirini. Foleni ikaanza kucheka, hata sisi tulicheka. Mihayo akasema, "Haya, nimeoa Mzigua, nani atalipa mahari?"

Kicheko kikaisha. Madamu alipiga simu, akarudi na sauti yake ileile. "Mkono wa Mzee Mbaruku una programu ya kampuni, ni mali ya kampuni, haukatwi. Wa Bwana Mihayo hauna waranti tena. Utakatwa kwenye kifundo."

"Si mfungue skrubu huku juu kwenye mfupa?" Mihayo akauliza.

"Hiyo ni kazi ya hospitali. Hospitali inataka barua ya waranti."

"Basi uwasheni tena, uachie."

"Haturuhusiwi kuwasha mkono uliochokonolewa."

Hapo Mwantumu alikuwa ameshafika mlangoni, miwani kwenye paji la uso, waya unaning'inia shingoni. Amekimbia, anahema. Hakumtazama Madamu, alinitazama mimi.

"Mzee Mbaruku, mkono wako ndio unaoizima mikono ya wenzako, basi na kuiwasha unaweza, wamekukataza tu. Niruhusu niuguse. Dakika kumi. Njooni hapa nje wote wawili."

Madamu Eveta akainama sikioni kwangu. Manukato yake nayakumbuka, kama maua ya mchungwa. "Akiugusa, Mzee, waranti yako imekufa. Na kazi imeisha. Hakuna anayekuzuia. Mlango uko wazi."

Kweli mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa naona jua nje, kuku wa mtu anapita.

"Twende mtani," Mihayo akasema. Akanivuta.

Kile kiti kina magurudumu. Kilianza kuteleza. Nilikuwa nakwenda, Mwajabu, bila kutaka wala kukataa, nabururwa tu kama gunia, nilikuwa naelekea mlangoni. Ningekaa vilevile tu ningefika. Nikanyoosha mguu wangu wa kushoto, nikaukunja kwenye mguu wa meza.

Kiti kikasimama.

Mihayo akavuta tena. Akadhani kuna waya umenasa. Akainama atazame chini ya meza, na pale akauona mguu wangu. Nilikuwa nimevaa kandambili za bluu. Aliutazama muda mrefu. Halafu akaacha kuvuta.

"Haya," akasema. "Leteni hicho kisu chenu."

Walileta grenda. Fundi wa kampuni alisema mkono umeshazimwa hausikii kitu. Vidole kweli vilikuwa vimekufa, lakini kifundo kilikuwa bado kinasikia, waya zake ziko ndani ya mfupa. Fundi alijua alipoanza, akamtazama Madamu, Madamu akasema, "Malizia tu, ukisimama ndiyo unamtesa." Nilikuwa naye uso kwa uso. Hapakuwa na damu hata tone, ni cheche tu, zilinitoboa shati. Nilikuwa nikimshika kwa mkono uleule. Sikuwa na njia ya kutomshika.

Hakunitukana. Nilingoja anitukane.

*

Alikwenda zake na kigutu cha chuma kimefungwa gunia. Mimi nikabaki na kiganja chake, bado kimenikamata, maana zana za kukitoa zilikuwa zije kesho kwa gari. Nikarudi nyumbani nacho. Zuhura alikuwa anachambua mchele mlangoni. Akautazama mkono wangu, akakitazama kile kilichoning'inia.

"Huyo uliyekuja naye ni nani?" akaniuliza.

Hakuniambia neno lingine mpaka kesho yake walipokitoa, kidole kimoja kimoja. Chakula aliniwekea. Alinikatia matonge, akaniwekea kwenye kibakuli, na kijiko juu.

Nilisoma mikono miezi minane zaidi. Ilipoisha foleni, kazi ikaisha, wakanipa cheti. Wakabakiza msichana mmoja mwenye mkono kama wangu, niliyemfundisha mwenyewe, Hidaya, wa kushughulikia waliobaki. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nashika mlango wa choo, kifundo kikang'ang'ania. Ugonjwa ule ule.

Sikuogopa hata kidogo. Mimi mkono wangu haujawahi kula kitu cha moto! Nikavaa kofia yangu nzuri nikaenda dirishani, nikasimama upande ambao sikuwahi kusimama. Hidaya akaniamkia shikamoo baba, akanipa mkono. Nikasikia mtekenyo kwenye kiwiko. Nikatazama kifundo chake.

Nyekundu.

"Hidaya, mwanangu, soma vizuri."

Akasoma tena kwenye tableti. "Inasema programu iliyomo si ya kiwandani."

"Ni ya kwenu! Ninyi ndio mlioitia! Ile ya kusomea!"

Madamu Eveta akatokea nyuma, mpole vilevile. "Mzee Mbaruku, ile inaruhusiwa kwa mfanyakazi. Mkataba wako uliisha Ijumaa. Ulitakiwa uombe iondolewe kabla ya kuondoka, imeandikwa ukurasa wa tisa."

"Mimi sikusoma, Madamu. Ulijua sikusoma."

"Pole sana, baba."

Nikausikia unakufa. Unaanzia kwenye ncha za vidole, kama maji yanavyokauka kwenye simenti. Nikatoka nje nao umenyooka hivi.

Na nani alikuwa getini? Mihayo, kwa Mwantumu, wamekaa kwenye benchi wanakula karanga. Mihayo akainuka, akanijia, akanizunguka mara moja kama mtu anayenunua ng'ombe. Akavua kofia yake, akaitundika kwenye mkono wangu.

"Naam," akasema. "Sasa una kazi."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi. Nikamwambia mtani nitoze, nitoze chochote, nikate na mguu ukitaka. Akafikiri. Mihayo si mtu wa haraka.

"Mimi niliponzwa na ugali wa moto," akasema. "Basi ugali wa moto hutaula tena. Kila siku ya shughuli nyumbani kwako, harusi, arobaini, mgeni, ugali upikwe, na nyote mningoje. Nitakuja nikitaka. Ukipoa ndipo mtakula. Na mkinitangulia tonge moja tu, nitawahadithia watoto wako ule mguu."

*

"Lakini babu," Mwajabu akasema, "sasa umetuhadithia mwenyewe."

"Huwa nawahadithia wote. Kila anayeolewa hapa."

"Basi si faini imeisha? Hana tena cha kukutishia."

Nikacheka. Akili ya mtoto huyu! Nikataka kumjibu, lakini hodi ikapigwa.

"Hodi kwa mwuza mikono!"

"Karibu, mchukuzi," nikaitika. "Umechelewa, mzigo ulikuwa mzito?"

"Nilipita njia ndefu. Nilitaka nisikie tumbo lako likilia kuanzia kule barabarani."

Akaingia, mzee mrefu, amekonda, kigutu chake kimefungwa kitambaa safi. Akavua viatu. Bila kunitazama akaitundika kofia yake kwenye mkono wangu. Akakaa mkekani, akafunua kawa, akaugusa ugali kwa mgongo wa vidole vya kushoto, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Nani kapika?"

"Mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Umesonga vizuri, mwanangu. Juu umepoa, katikati bado una moto." Akaufunika tena. "Tungoje."

Tukangoja. Inzi walizunguka, mchuzi ukaweka ngozi juu. Tumbo langu likalia na Mihayo akafumba macho kama anayesikiliza muziki.

Mwisho akasema, "Nawisheni."

Mwajabu akashika birika na beseni. Akamnawisha Mihayo mkono wake mmoja, wa kushoto. Akafika kwangu, akasita. Nikanyoosha wa kushoto, ndio ninaolia sasa, kwenye sinia moja na Mihayo, watu wamezoea.

"Huo baadaye," Mihayo akasema. "Anza na wa kulia. Huo ndio ulionishika."

Akaondoa kofia yake. Mwajabu akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali. Akaumiminia maji ule mkono uliokufa, akausugua vidole kimoja kimoja, taratibu, kana kwamba ungeweza kuumia. Sikusikia kitu. Niliona tu maji yakidondoka kwenye dole gumba.

Alipomaliza akamgeukia Mihayo, birika bado liko juu. "Na mguu, babu? Nao nimnawishe?"

Mihayo akamtazama yule mtoto muda mrefu, kama alivyotazama siku ile chini ya meza. Lile pengo likatokea.

"Mguu niachie mimi," akasema. "Nitauosha mwenyewe, siku ya kumzika."

Akafunua sinia, akatia kidole katikati ya ugali, akakiacha humo kidogo.

"Umepoa. Haya, kaeni mle."

Wakasogea wote, wakakaa, tukala.